Taka za Kemikali: Jinsi ya Kuzitenga, Kuzihifadhi na Kuzikabidhi kwa Usalama

Karibu kila nyumba, gereji, shamba na maabara ina kona yake ya vitu ambavyo hakuna anayejua avipeleke wapi. Dumu la oili chafu, betri ya gari iliyokufa, nusu chupa ya dawa ya wadudu iliyopitwa na muda, kopo la rangi lililoganda utando juu, chupa ya maabara ambayo maandishi yake yamefutika. Vinakaa hapo miaka hadi siku moja mtu anachoka navyo. Ndipo vinapomwagwa mtaroni, vinapochomwa au kufukiwa.

Ukimwaga kemikali, haiishii pale ulipoimwagia. Mwaka 1956 iliripotiwa rasmi kwamba watu wa Minamata, Japani, walikuwa wakiugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao haukuwa umeonekana kabla. Chanzo kilikuwa zebaki iliyotiririshwa baharini pamoja na maji taka ya kiwanda cha kemikali. Sumu ilijikusanya ndani ya samaki na chaza, kisha ikawapata watu na hata paka waliokula samaki hao. Zebaki hiyo iliendelea kumwagwa hadi 1968.

Kufukia nako ni kuahirisha tu. Huko Love Canal, katika mji wa Niagara Falls, Marekani, takriban tani 21,000 za taka za kemikali zilifukiwa kwenye mfereji mkavu kati ya 1942 na 1953. Baadaye ikajengwa shule hapo hapo, na nyumba zikaizunguka. Mwaka 1978, baada ya kemikali kuchuruzika hadi ndani ya nyumba, Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura na familia zikahamishwa.

Kuchoma ndiko kunakodanganya zaidi, kwa sababu jivu huonekana dogo. Plastiki za PVC na dawa za wadudu zenye klorini zikiungua kwenye moto wa kawaida hutoa dioksini, sumu inayojificha kwenye mafuta ya mwili na kuchukua kati ya miaka 7 na 11 kupungua kwa nusu. Tanuri za kitaalamu za kuteketeza taka za aina hiyo hufikisha nyuzi joto 1,100 za Selsiasi na zaidi. Moto wa shimo la takataka haufiki huko hata siku moja.

Mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja ambalo ningeomba ulishike hata ukisahau mengine yote: kemikali inakuwa hatari maradufu inapopoteza jina lake au inapochanganywa na nyingine. Ikiwa na jina na iko peke yake, karibu kila mara kuna njia ya kuishughulikia. Isiyo na jina hata mtaalamu huikaribia kwa woga.

Hatua ya 1: Ijue kabla ya kuigusa

Anza na lebo. Kemikali nyingi zinazouzwa leo zina alama za umbo la almasi zenye mpaka mwekundu, na ziko tisa kwa jumla. Fuvu na mifupa ni sumu inayoweza kuua haraka. Mwali wa moto ni kitu kinachowaka kirahisi. Mwali ulio juu ya duara ni kitu kinachochochea vitu vingine kuwaka. Tone linalokula mkono na chuma ni tindikali au alkali kali. Mti mkavu na samaki aliyekufa ni kitu kinachoangamiza viumbe wa majini, na hiyo ndiyo alama ambayo watu huipuuza kuliko zote. Chupa yenye neno Hatari ni kali kuliko yenye neno Onyo.

Kwa kemikali za kazini au za maabara, omba karatasi ya taarifa za usalama kutoka kwa muuzaji au mtengenezaji. Karatasi hiyo ina sehemu 16. Huna haja ya kuisoma yote siku hiyo: sehemu ya 10 inakueleza isikutanishwe na nini, na sehemu ya 13 inaeleza namna ya kuitupa.

Ukikuta chupa isiyo na lebo, usiifungue ili unuse, wala usiitikise kuona kama ina kitu. Iandike "HAIJULIKANI, USIFUNGUE", weka tarehe uliyoikuta na mahali ulipoikuta, kisha muulize aliyekuwa akitumia chumba hicho. Mara nyingi jina hupatikana kwa kuuliza tu.

Hatua ya 2: Tumia kwanza kilichobaki

Rangi nzuri, sabuni kali ya kusafishia, dawa ya kupaka mbao: kama muda wake haujapita na hakijapigwa marufuku, kitumie kwa kazi yake au umpe mtu mwenye kazi nacho, kikiwa kwenye chombo chake cha asili chenye lebo. Dawa za wadudu zilizopitwa na muda au zilizopigwa marufuku usimgawie mtu yeyote.

Hatua ya 3: Tenga, usichanganye

Tabia ya kukusanya mabaki yote kwenye dumu moja "ili yatoke kwa pamoja" ndiyo inayoleta ajali nyingi zinazoweza kuepukika. Michanganyiko ya kukumbuka ni hii.

Dawa ya klorini ya kufulia, ile ambayo wengi huiita jiki, ikikutana na tindikali yoyote hutoa gesi ya klorini. Tindikali hiyo inaweza kuwa dawa ya kung'arishia choo, maji ya betri au hata siki. Jiki hiyo hiyo ikikutana na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi za kloramini. Zote mbili huunguza mapafu, na katika choo kidogo chenye mlango uliofungwa zinaweza kuua.

Klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea ikidondokewa na mafuta au breki fluidi inaweza kuwaka yenyewe bila mtu kuwasha kiberiti. Asidi ya naitriki ikiwekwa chupa moja na spiriti au asetoni inaweza kulipuka, wakati mwingine baada ya muda, watu wakiwa wameshaondoka chumbani.

Kuna kisa kinachoonyesha mchanganyiko unavyoweza kulipita dumu lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara za vumbi za mji mdogo wa Times Beach, jimbo la Missouri, Marekani, zilinyunyiziwa oili chafu ili kutuliza vumbi. Oili ile ilikuwa imechanganywa na taka zenye dioksini. Mwaka 1983 serikali iliamua kuununua mji mzima na kuwahamisha wakazi wake wote. Oili peke yake ingekuwa uchafuzi mbaya, ila kilichoufuta mji kwenye ramani ni kile kilichotiwa ndani yake.

Hatua ya 4: Chombo, lebo na mahali

Chombo bora ni kile kile kilichokuja na kemikali. Kikivuja, kiingize chote ndani ya chombo kikubwa zaidi badala ya kumimina. Ukilazimika kumimina, chagua chombo kinachoendana: tindikali na jiki zisiwekwe kwenye chuma, petroli na thina zisiwekwe kwenye plastiki laini. Acha nafasi ya sehemu moja ya kumi juu, maana vimiminika hutanuka kwa joto. Jiki na haidrojeni peroksaidi hutoa gesi polepole, kwa hiyo mfuniko wake uwe ule wa kiwandani unaopumua, usiubadilishe.

Nasisitiza hapa kwa sauti yote niliyo nayo: usitie kemikali kwenye chupa ya soda, ya maji au ya juisi, hata kwa dakika tano. Mtoto hasomi lebo uliyoibandika, anaona chupa anayoijua. Mtu mzima aliyetoka juani na kiu yuko vivyo hivyo. Upande wa pili pia una uzito wake: dumu lililobeba dawa ya wadudu halisafishiki kiasi cha kubebea maji ya kunywa, hata ukiliosha mara kumi na sabuni.

Kwenye lebo andika kwa wino usiofutika: jina kamili, ni taka, hatari yake kuu, tarehe ulipoanza kukusanya, na jina la anayehusika. Kisha weka vyombo mahali pakavu, penye hewa, panapofungwa kwa kufuli, mbali na jiko, chakula, kisima na mfereji wa maji ya mvua. Viweke ndani ya beseni linaloweza kubeba kiasi chote cha chombo kikubwa kuliko vyote vilivyomo, na ziada kidogo. Tindikali ziwe na beseni lake, alkali na jiki lake, vinavyowaka lake. Vimiminika vikae rafu ya chini kabisa.

Hatua ya 5: Kila aina na njia yake

Oili chafu. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira hukadiria kwamba oili inayotoka kwenye badiliko moja la injini inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Ikusanye kwenye dumu safi lenye mfuniko, bila maji, bila petroli, bila thina. Oili chafu isiyochanganywa na kitu kingine hupokelewa na kusafishwa upya, iliyochanganywa hukataliwa. Chujio la zamani litoboe, uliache lichuruzike usiku kucha juu ya beseni. Kupaka mbao au kuta kwa oili chafu ni kuhamisha metali zake hadi kwenye mikono ya watoto, kwa hiyo acha.

Betri za gari. Usimwage maji yake. Hiyo ni asidi ya salfuriki iliyobeba risasi, ile metali nzito yenye sumu, na betri inayopokelewa vizuri ni ile iliyokamilika. Isimamishe wima, funika ncha zake kwa utepe, na irudishe kwa muuzaji wa betri. Ikiwa imepasuka, itie kwenye ndoo ya plastiki. Usimruhusu mtu kuivunja uani ili kutoa risasi, hata akikulipa vizuri. Katika kitongoji cha Thiaroye sur Mer, Dakar, Senegali, watu walivunja betri na kuchekecha udongo wake wakitafuta risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wa hapo walifariki. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi iliyoingia udongoni haiozi, na anayeichezea zaidi ni mtoto anayetambaa.

Betri za simu na kompyuta zibandike utepe kwenye ncha. Iliyovimba usiitoboe: iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, hadi uipeleke.

Vyombo vya dawa za wadudu. Hapa kuna ufundi ambao kila anayepulizia dawa anapaswa kuuweza, nao ni kusuuza mara tatu. Fanya mara tu chupa inapoisha, kabla mabaki hayajakauka na kung'ang'ania, ukiwa umevaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu. Iinamishe chupa juu ya tangi la pampu, uiache idondoke kwa sekunde 30 baada ya mkondo kukatika. Tia maji safi hadi robo ya chupa, funga mfuniko, tikisa kwa sekunde 30 ukiigeuza ili maji yafike shingoni na ndani ya mpini, kwa sababu humo ndimo dawa hujificha. Mimina maji hayo ndani ya tangi la pampu, acha idondoke tena. Rudia hadi zitimie mara tatu, na mfuniko nao uusuuze. Maji ya kusuuzia ni sehemu ya dawa yako: yapulizie kwenye zao lile lile, yasimwagwe chini. Mwisho toboa kitako cha chupa ili pasiwe na mtu wa kuiokota na kuitumia, kisha uitunze kwa ajili ya kuirudisha. Makopo ya kupuliza yenye gesi hayatobolewi kabisa.

Zebaki. Kipimajoto kikivunjika, hamu ya kwanza ni kuchukua fagio. Fagio huvunja matone kuwa vipunje vidogo visivyoonekana, vinavyotoa mvuke kwa miezi. Mashine ya kunyonya vumbi ni mbaya zaidi, inautawanya mvuke huo nyumba nzima. Toa watoto na wanyama, fungua madirisha, zima feni, vua pete na bangili za dhahabu kwa sababu zebaki hushikamana nazo. Sukuma matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu hadi yaungane, yavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uyatie kwenye chupa ya kioo yenye maji kidogo na mfuniko wa kukaza. Kisha zima taa, mulika sakafu kwa tochi ukiishikilia chini karibu na vigae. Vipunje vilivyobaki vitameta, navyo utavinasa kwa utepe wa gundi. Utepe, karatasi, bomba, glavu, vyote ni taka ya zebaki sasa. Usivitie sinki wala usifue nguo iliyodondokewa.

Rangi na thina. Rangi ya maji ikibaki kidogo, changanya na mchanga uiache ikauke kabisa penye hewa. Rangi ya mafuta na thina zikabidhiwe. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike: yanapokauka hujipasha joto na kuwaka. Yatandaze nje, moja moja.

Dawa za hospitali. Rudisha duka la dawa. Pasipo na mpango huo, vidonge vitoe kwenye pakiti, changanya na udongo au majani ya chai yaliyotumika, funga kwenye mfuko, ndipo vitupwe. Usivitie chooni.

Maabara za shule. Asidi na alkali nyepesi zisizo na metali zinaweza kupunguzwa makali hadi pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali, iwe kati ya 6 na 9, kama mamlaka ya maji taka inaruhusu. Mimina asidi kidogo kidogo ndani ya maji mengi, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Mabaki yenye risasi, zebaki, kromiamu au shaba yasiende sinki hata yakiwa kijiko. Kloroformu na jamaa zake wenye klorini wakae chupa tofauti na asetoni na ethanoli. Ukikuta chupa ya zamani ya etha yenye fuwele kwenye mfuniko, au asidi ya pikriki iliyokauka, usiiguse wala usizungushe mfuniko: msuguano huo tu unaweza kuilipua. Funga chumba, ita wataalamu wa milipuko.

Hatua ya 6: Ikimwagika au ikimpata mtu

Weka tayari ndoo ya mchanga mkavu, koleo, glavu nene na mifuko. Zuia isifike mtaroni kwanza, ndipo ufikirie kusafisha: zungushia mchanga, kisha funika kutoka pembeni kuelekea katikati. Maji ya betri yanyunyizie soda ya kuokea kutoka pembeni hadi povu liishe. Vumbi la mbao hufyonza oili vizuri, ila usilitumie kwenye klorini ya unga, asidi ya naitriki au haidrojeni peroksaidi, maana linaweza kuwaka. Mchanga uliotumika nao uandikwe lebo na uhifadhiwe.

Kemikali ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka angalau dakika 15, kope zikiwa zimeshikiliwa wazi, kabla hata ya kufikiria usafiri wa hospitali. Ikimwagikia mwili, vua nguo huku maji yakiendelea kumwagika. Mtu akimeza, usimtapishe: petroli itaingia mapafuni na tindikali itaunguza koo mara ya pili. Mpeleke hospitali pamoja na chombo chenyewe au picha ya lebo yake, na umweleze daktari kiasi na saa. Aliyevuta gesi atolewe nje penye hewa, na anayemtoa asijiingize bila kinga, kwa sababu waokoaji wengi huanguka papo hapo alipoanguka wa kwanza.

Hatua ya 7: Pasipo na mtu wa kupokea

Sehemu nyingi duniani hakuna kituo cha taka hatari karibu. Anza na aliyekuuzia: wauzaji wa betri, oili na dawa za mashamba mara nyingi wana njia ya kurudisha bidhaa. Uliza gereji kubwa, hospitali au chuo chenye maabara, kwani wana mkataba na wabebaji wenye leseni na wanaweza kukubali dumu lako siku yao ya kuzoa. Uliza ofisi ya mazingira ya eneo lako ratiba ya ukusanyaji. Jibu likiwa hakuna, endelea kuhifadhi. Dumu lililofungwa, lenye jina, ndani ya beseni, chini ya kufuli, linaweza kungoja mwaka mzima bila kumdhuru mtu. Likaguliwe kila mwezi kama limevimba, limeota kutu au linavuja.

Hatua ya 8: Makabidhiano

Mnamo Agosti 2006 taka za meli ya Probo Koala zilikabidhiwa kwa mkandarasi mjini Abidjan, Côte d'Ivoire, ambaye hakuwa na uwezo wa kuzishughulikia. Zilimwagwa sehemu mbalimbali za mji, na zaidi ya watu 100,000 walitafuta matibabu. Mkataba wa Basel wa 1989, unaodhibiti taka hatari zinazovuka mipaka, ulikuwepo tayari. Makaratasi hayakutosha pale ambapo hakuna aliyeuliza zinakwenda wapi hasa.

Kwa hiyo uliza. Mtake anayezoa akuonyeshe leseni inayotaja aina ya taka yako, kwa sababu leseni ya takataka za kawaida haitoshi. Mwulize jina la kituo zinakopelekwa na kama zitasafishwa, zitateketezwa au zitafukiwa kwenye dampo lililojengwa kwa kazi hiyo. Bei ya chini kupita kiasi ni dalili mbaya, maana kuteketeza kemikali ni ghali na lazima mtu alipie. Ukisafirisha mwenyewe, simamisha vyombo wima, vifunge visisogee, viweke nyuma ya gari mbali na abiria na chakula, fungua madirisha, na usichukue jiki na tindikali safari moja. Ukifika, mtaje msimamizi kila chombo kwa jina lake kabla hakijashushwa. Pokea hati yenye tarehe, aina ya taka, kiasi, na sahihi ya aliyepokea. Nakala moja ibaki kwako, bandika nyingine kwenye daftari la stoo, na ufute chombo hicho kwenye orodha ya vinavyosubiri.